Miezi Miwili Niliyoificha

Ijumaa, 20 Machi 2020

Mteja mmoja leo, na huyo mmoja alikuja kufumua, si kusuka. Mwenye saluni amesema tufunge mpaka atakapopiga simu. Nimebeba daftari la miadi nikaja nalo nyumbani, maana miadi yenyewe haipo, na kurasa nyeupe kama hizi ni dhambi kuzitupa.

Basi nijitambulishe, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Valarie Nabwire, msusi, Msamia wa Funyula upande wa Kenya, mwaka wa sita huu ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Namuwongo, chumba kimoja kando ya reli. Mume wangu Oketch anauza samaki soko la Ggaba, kando ya ziwa. Watoto tulizaa wawili, tukazika wawili. Wa tatu yuko tumboni. Atakuja lini? Hilo siandiki, na usiniulize.

Jumapili, 22 Machi

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini ametangazwa. Ibada tumeisikiliza redioni. Oketch amesema amina mdomo umejaa chapati.

Jumanne, 24 Machi

Hajati Habibah amekuja. Ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, Mnubi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Serikali ina mpango wa kuwatembelea wajawazito nyumbani, naye ndiye miguu ya mpango huo. Huja na vidonge vya damu, kadi, na tepu ya kupimia tumbo, anayoivaa shingoni kama fundi cherehani. Tangu Januari nimeikwepa hiyo tepu. Akija, mimi niko saluni, vidole vimezama kwenye nywele za mtu, nitoke vipi? Leo saluni imefungwa. Nilipomwona mlangoni nikajisemea, Valarie, leo umepatikana.

Lakini alisimama nje, hatua nne kutoka kizingitini.

"Leo sigusi mtu, bambi, pole. Wamekataza. Wewe iko muzima? Mutoto nacheza?"

"Anacheza, Hajati."

"Miezi tano sasa, si ndiyo? Wewe ni ya Julai." Akatazama kadi, akatazama tumbo. "Naye tumbo yako ni kubwa, mama nyabo."

"Kwetu tunazaa majitu," nikamwambia.

Akacheka, akaenda zake. Mimi nikafunga mlango, nikachukua daftari.

Sasa niandike ukweli mara moja, yaishe. Nilimdanganya. Januari aliponiuliza nilisema miezi mitatu, na ilikuwa mitano. Mama yangu alinifundisha kwamba mimba haihesabiwi kwa mdomo. Ukitaja mwezi, umewatajia na wasiokupenda siku ya kukuvizia. Ile ya kwanza niliitaja kwa kila mtu, nikanunua na soksi. Ikatoka mwezi wa saba. Ya pili sikutaja, ila muuguzi aliandika siku ya kuzaa kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akaizungushia duara. Siku ile ile nilizaa mtoto asiyelia. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinapasuka, mimi nikidhani ni uchovu tu.

Kwa hiyo huyu nimempa maficho. Wanawake wa kwetu hupunguza mwezi mmoja. Mimi nimepunguza miwili, kwa sababu nina wawili chini ya udongo.

Jumatano, 1 Aprili

Hakuna teksi, boda hazibebi watu, na sasa hata magari ya watu binafsi yamesimamishwa. Saa moja jioni kila mtu ndani. Wauza vyakula wameambiwa walale huko huko sokoni, wasirudi nyumbani kutuletea ugonjwa. Oketch amechukua blanketi, neti na mswaki.

"Mwambie yule Hajati ukweli," alisema akifunga mzigo.

"Nitamwambia."

"Valarie."

"Si nimesema nitamwambia!"

Amekwenda kwa miguu. Nilimwangalia kwenye reli mpaka akapinda.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Maji yamefika kizingitini, yakarudi.

Alhamisi, 9 Aprili

Jirani yangu wa ukuta mmoja ameniletea barakoa aliyoishona kwa kipande cha kitenge. Sote tunamwita Mama Guerschom, kwa mwanawe wa miaka minne. Jina lake la kadi ni Kavugho Victoire, Mnande wa Butembo, Kongo. Mumewe Katembo alivuka mpaka mwezi wa pili kwenda kumzika baba yake, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Naye Mama Guerschom ni mjamzito.

Huyu mwanamke ananitia kichaa. Ukimkuta bombani anatangaza: "Mimi nitazaa mwisho wa mwezi wa tano! Mukisikia kelele, mukuje!" Anamwambia muuza mkaa. Anamwambia askari anayepita. Leo nimemuuliza kama haogopi.

"Niogope nini? Mutoto anazaliwa na watu. Watu wasipojua siku, nani atakuja?"

Mpayukaji. Nimeichukua barakoa, nikafunga mlango.

Alhamisi, 16 Aprili

Tangazo limetoka kwamba mjamzito haombi tena barua ya kusafiri. Vizuri sana. Atapanda nini sasa, ungo?

Hajati amekuja na sura iliyonyauka. Alikuwa ameshika kadi zetu mkononi badala ya kuziweka mkobani.

"Valarie, pesa ya mpango wamepeleka kwa korona. Nilikuwa na mama arobaini. Sasa naambiwa nitembelee wale wa kuzaa mwezi huo peke yake. Wengine wangoje."

"Wangoje vipi? Mimba inangoja?"

"Mimi nitasema nini? Wamebakisha gari moja, dereva anaitwa Ogwal. Kila mama ya kwenye orodha napata safari moja, kwenda na kurudi. Moja tu. Jina kama haiko kwenye orodha, gari hakuji. Orodha ya mwezi ya tano nafungwa tarehe salasini." Akanitolea tabasamu la kunituliza. "Wewe usiwe na wasiwasi. Wewe ni Julai."

Mdomo niliufungua, jamani. Mungu shahidi, niliufungua. Nikaona duara jekundu, nikaufunga.

Kabla ya kuondoka aliturudishia kadi zetu, akarudia yale anayowaambia wote. Kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona nyota, mikono ikivimba, usingoje kesho. Nikaitikia kama mtoto wa shule.

Jumanne, 21 Aprili

Wamegawa unga wa posho na maharagwe. Nimepika, sikula.

Jumanne, 28 Aprili

Pete ya ndoa haitoki. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta ya nywele. Kidole kimekuwa soseji.

Ni joto tu. Mvua ikinyesha kuna joto la chini kwa chini.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo orodha inafungwa. Nimempigia Hajati saa tatu, nikakata. Saa sita, nikakata. Saa tisa alishika kabla sijakata.

"Sema, mwanangu."

"Hajati, nilikuwa nataka kukwambia…"

"Eh?"

"Ramadhani njema."

"Asante, Valarie. Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Mimi ni mjinga. Naandika ili siku nikisema nilikuwa na akili, ukurasa huu unikatalie.

Jumatano, 6 Mei

Oketch anasema ziwa limepanda mpaka chini ya meza yake. Analala juu ya kreti. Ameniuliza kama nimesema. Nimemwambia mtandao unakatika.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi nilikuwa naosha sufuria nikaona nyota, ndogondogo, zinaelea mbele ya ukuta. Kichwa kilikuwa kinauma tangu jana. Sufuria ikaanguka, na Mama Guerschom akaingia bila hodi. Akanishika mkono, akabonyeza kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki imezama kwenye ngozi yangu.

"Weye! Hii si mimba ya Julai. Mimi nimezaa, sidanganywi. Ni ya lini?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia kila kitu, soksi, duara, miezi miwili. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Alichukua simu yangu, akatafuta jina la Hajati, akaniwekea sikioni.

Hajati aliposikia hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige.

"Valarie," alisema mwisho, "kwa nini umenifunga mikono?"

Alifika baada ya saa moja, kwa miguu, amefunga, midomo imekauka. Safari hii hakusimama nje. Alivaa glavu, akanilaza, akatandaza ile tepu kwenye tumbo langu. Akasoma, akasoma tena.

"Tepu hadanganyi kama wewe. Umefika. Wakati wowote." Kipimo cha presha hakuwa nacho, kilikusanywa kikapelekwa kwa wagonjwa wa korona. Akanitazama macho, akanitazama miguu. "Naye kipimo ya nini? Miguu yako nasema yenyewe."

Akaenda ofisini. Jioni alipiga simu. Orodha ya Mei imefungwa na haifunguliwi. Amewaambia ni hatari, wamemwambia wenye hatari ni wengi, alete jina langu kwa orodha ya Juni.

Wa kumlaumu simwoni. Nimejifungia nje kwa mkono wangu.

Jumapili, 10 Mei

Anacheza. Nimehesabu mateke kumi na moja. Moyoni, si kwa sauti.

Jumanne, 12 Mei

Mvua usiku kucha. Kichwa.

Alhamisi, 14 Mei

Saa tano asubuhi. Maji yamevunjika. Mvua haisimami, njia yote ni mto. Hajati hashiki simu. Oketch anasema anakuja kwa miguu, nimemkataza, watampiga, na mpaka afike itakuwa nini? Nyota zimejaa chumba. Naogopa. Naogopa. Ee Mungu, si tena.

Jumamosi, 16 Mei

Nipo hospitali. Daftari lilikuwa mkobani pamoja na kanga, nani alilitia sijui. Ngoja niandike kwa utaratibu.

Alhamisi ile nilikuwa sakafuni nimeshika mguu wa kitanda. Mama Guerschom aliingia na simu sikioni, anaongea na mtu kwa sauti ya uchungu, anapumua kwa nguvu, analia kabisa. Akakata, akanyamaza, akapangusa uso.

"Ogwal anakuja. Nimemwambia Kavugho ameshikwa na uchungu."

"Lakini wewe huna uchungu."

"Ogwal atajua wapi?" Akaninyang'anya kadi yangu, akaniwekea yake mkononi. "Leo weye ni mimi."

"Na safari yako? Ni moja tu, Mama Guerschom. Ukinipa mimi, wewe utakwenda na nini?"

"Mimi nitangoja."

Nilijua hangeweza kungoja, zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nilijua, na kadi niliishika. Sitaipamba habari hii.

Gari lilisimama juu barabarani, chini halifiki. Wanawake wa bombani walinibeba kwenye maji mpaka reli, barakoa zimelowa, kila mmoja anatoa amri. Na hapo ndipo nikamwona Hajati anakuja mbio kando ya reli, viatu mkononi, gauni limelowa mpaka kifuani. Simu yake ilikuwa imeingia maji, mtu alikuwa amemfuata nyumbani. Alifika wakati Ogwal anachungulia kadi.

"Kavugho Victoire," alisoma Ogwal. "Hajati, huyu ndiye Kavugho?"

Hajati alinitazama. Akaitazama kadi. Nyuma yangu Mama Guerschom alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, anajifanya mtu wa kupita, na tumbo lile.

"Ssebo, bwana wangu, endesha gari," Hajati akasema. "Mutoto hangoji maswali." Akatia sahihi karatasi ya dereva kwa mkono unaotiririka maji, akaingia nyuma na mimi.

Kizuizini askari alikuwa na orodha ndani ya karatasi ya nailoni.

"Jina?"

"Kavugho Victoire."

"Mkongo?"

"Ndiyo."

Akalitafuta kwenye orodha. Nyuma yake watu walikuwa wamejibanza chini ya bati, labda ishirini, wote wananitumbulia macho. Watu nisiowajua hata mmoja, na macho yao siyajui.

"Mimba ya miezi ngapi?"

Neno halikutoka. Naapa, nilikuwa nakufa pale na neno halikutoka. Nilihisi mkono wa Hajati mgongoni, hausukumi, umetulia tu. Nikamwona mama yangu, nikaona soksi, nikaona kalamu ile.

"Tisa," nikasema.

"Nini?"

"Tisa! Tisa! Miezi tisa imetimia, siku yake ni leo!" Nilipiga yowe mpaka watu wa chini ya bati wakasimama. "Nimehesabu mwenyewe! Leo!"

Askari akarudi hatua mbili, kana kwamba ningezalia kwenye buti zake. Akainua kamba. Mwanamke mmoja pale chini ya bati akapaza sauti, "Ujifungue salama, mama!" na wengine wakaitikia. Nilidhani watanitazama kwa jicho baya. Waliniombea.

Presha ilikuwa juu sana. Sindano, nyingine, mtu akisema fumba macho, mwingine akisema fumbua. Saa kumi na dakika ishirini nilizaa.

Amelia. Naandika tena kwa sababu nataka kuliona neno hili. Amelia.

Ni mvulana, kilo mbili na robo, anaitwa Travis Obura. Mkononi wamemfunga utepe umeandikwa "Mtoto wa Kavugho".

Jumatano, 20 Mei

Nimerudi nyumbani. Ogwal ameniteremsha pale pale, akatoa karatasi yake, akapiga mstari juu ya jina la Kavugho Victoire. Safari imekwisha. Nilimwona Mama Guerschom akiuona ule mstari. Alicheka, akampokea Travis, akamwambia karibu duniani. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa kiunoni, na hatua zake zimekuwa fupi.

Hofu niliyodhani nimeiacha hospitali imenifuata. Imehamia mlango wa pili tu.

Alhamisi, 21 Mei

Oketch amelia kwenye simu kwa dakika nzima, kisha akaniuliza, "Na Mama Guerschom sasa?"

Nikasema sijui. Nilijua.

Ijumaa, 22 Mei

Nimekwenda ofisi ya mpango na Travis kifuani, pole pole, nikipumzika kila nguzo. Karani anaitwa Fabiano, mtu mwembamba, ana chupa ya dawa ya mikono aliyoifunga mezani kwa uzi isiibiwe.

"Nimekuja kusahihisha orodha," nikamwambia. "Aliyebebwa tarehe kumi na nne si Kavugho. Ni mimi."

Nikamhesabia yote kwa sauti, mwezi kwa mwezi, mbele ya foleni. Januari nilisema mitatu, ilikuwa mitano. Machi nilisema mitano, ilikuwa saba. Jasho lilinitoka.

"Unajua kutumia jina la mtu ni kosa?"

"Najua."

"Naweza kukupeleka polisi."

"Nipeleke. Ila kwanza mrudishie Kavugho safari yake."

Akaitazama karatasi ya dereva. "Hapa pana sahihi ya mhudumu. Hajati alijua?"

Kuna uongo mmoja uliobaki, na huu ningeusema kwa moyo mweupe. Kabla sijafungua mdomo, sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli ikatoka nyuma ya foleni.

"Nilijua."

Alikuwa amenifuata. Fabiano hakufoka. Alionekana amechoka kutushinda sote. Alisema mambo yatachunguzwa, na mpaka hapo mhudumu aache vifaa. Hajati akaweka mkoba mezani. Akavua tepu shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu yake.

Fabiano akachukua rula. Akaandika Valarie Nabwire chini ya Mei, na mbele yake, safari imetumika. Jina la Kavugho akaliandika upya.

Njiani nilimwomba Hajati radhi. Nilisema samahani mara tatu.

"Tembea," alisema. "Mutoto napigwa jua."

Jumapili, 24 Mei

Idi. Hajati ametuletea pilau. Shingo yake bila ile tepu inaonekana ya mtu mwingine. Alimtazama Mama Guerschom tumbo kwa macho tu, akamuuliza maswali yote kwa mpangilio kama kawaida, mwezi, mateke, kichwa, nyota. Hana mpango, hana mkoba, na bado amekuja.

Jumatano, 27 Mei

Saa sita mchana Mama Guerschom aligonga ukuta mara tatu. Safari hii sauti ya uchungu haikuwa ya kuigiza. Nikapiga simu. Ogwal akaniuliza jina, nikamwambia, nikasikia anapekua karatasi. Niliuhesabu kila ukurasa uliogeuka.

"Ipo," akasema.

Alipofika juu ya reli alishuka, akatutazama sote wawili, mimi na kadi mkononi, Mama Guerschom ameniegemea bega.

"Leo Kavugho ni nani?"

"Mimi!" akalia Mama Guerschom. "Mimi, mimi, fungua mulango!"

Hajati, niliyemtuma mtu akamwite, akapanda naye, bila mkoba. Ogwal hakumuuliza kitu. Mama Guerschom akateremsha kioo, uso umejaa jasho, akanitafuta kwa macho.

"Mama Travis," akaniita, "uniangalizie Guerschom."

Hakuna aliyewahi kuniita mama wa mtu. Niliitika. Gari likaondoka.

Guerschom amekula, amelala. Travis ananyonya huku naandika, ndiyo maana mistari imepinda. Simu iko gotini na haijalia. Naogopa kama nilivyoogopa Alhamisi ile, labda zaidi. Kalamu ya bluu imekwisha wino, droo nzima imebaki ile ya saluni ya kuzungushia miadi, nyekundu.

Kavugho Victoire, miezi tisa, ametoka saa saba na dakika tano, tarehe ishirini na saba Mei. Nimeandika, na watu wote wa bombani wanajua.